Maisha ya Nathanael Lengai, Mpimaji wa Weupe wa Rangi

Wachungaji, wazee, akina mama na ninyi wenzake wa chuoni, wakubwa shikamooni na wote poleni, mimi ni Lekishon, kaka yake mkubwa, chuo kimeleta historia imechapwa vizuri kurasa nne, nimeiweka pembeni, kwa sababu jina la marehemu limechekwa hapa Nduruma miaka mingi na wa kulisafisha ni mimi peke yangu, sijasoma, naisema kutoka kichwani, na kichwa changu kinashika tarehe kuliko kalenda.

Nathanael alizaliwa tarehe 14 Aprili 1974, hapa hapa Nduruma, mtoto wa pili wa mzee Lengai na mama yetu Simaloi. Mwaka 1982 mwalimu alikuja nyumbani akataka watoto wote wawili, mzee akatoa mmoja, na wazee mnajua ilivyokuwa, shule ilipewa yule asiyefaa malishoni, Nathanael alikuwa akienda na ng'ombe anarudi na mawe mfukoni, ng'ombe hajui walipo, mimi nilichunga mia nne peke yangu, nikipiga mluzi simba anabadilisha njia, kwa hiyo ubora wangu ndio ulioninyima daftari, na hilo lilinikaa kooni kama mfupa mpaka juzi.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1988, akaenda sekondari ya bweni, akaenda chuo kikuu Dar es Salaam, na mwaka 2006 akapanda ndege kwenda kusomea udaktari, akarudi 2010. Mama akaanza kumwita Daktari, mimi niliyemjengea bafu akaendelea kuniita Lekishon. Watu wakamletea mbuzi anayeharisha, akawaambia yeye si daktari wa hivyo.

Kazi yake alifundisha chuo hapa Arusha tangu mwaka 2000, na utafiti wake ulikuwa oksidi ya titani, ule unga mweupe unaotiwa kwenye rangi ili iwe nyeupe, alikuwa anaubana ndani ya kompyuta aone ukibanwa unarudi au unavunjika, anaupasha moto humo humo aone unabadilika lini, bila kuchafua hata kidole, wakati mimi, fundi rangi, nimepiga rangi nusu ya mtaa wa Levolosi na hiyo nusu nyingine wameniiga. Alinieleza kwamba unga ni uleule, chembe zilezile, ila kuna uliopangika hivi na uliopangika vile, mmoja unavumilia jua, mwingine jua linautumia kula rangi yenyewe, ukuta unaanza kutoa vumbi kama chaki. Wageni wazungu walikuja kumsikiliza hayo. Mimi nilikuwa nawaletea viti.

Tarehe 22 Novemba 2003 alifunga ndoa na Tabitha, Mungu akawapa Naisiae na Derick, na mwaka 2018 akajenga nyumba hii mnayoiona. Kazi ya rangi akanipa mimi, akaniandikia kwenye karatasi aina ya kununua, ule unga unaovumilia jua, nikaitia mfukoni, nikasema mtoto aliyepoteza ng'ombe wa baba anifundishe mimi rangi, nyeupe ni nyeupe, nikanunua ya ndani nikaipaka nje. Nilijua ninachofanya, ndugu zangu. Nilitaka karatasi yake ishindwe.

Haikupita miaka miwili ukuta ukaanza kutoa unga, na pale kwenye pombe ya mbege wakawa wanasema, daktari wa rangi nyumba yake inapukutika, alisomea nini huko, na mimi nilikuwepo, nikacheka nao. Wageni wa Nathanael wakiuliza, anasema kaka yangu ndiye fundi, karatasi haitaji, halafu anawakaribisha ndani.

Oktoba mwaka jana alianza kuumwa ini, akalazwa mara tatu, na wiki ya mwisho nilimuuliza kwa nini hakuwahi kunisema kwa watu kuhusu ile karatasi, akanijibu, "Kaka, ningesema, nani angekupa tena nyumba ya kupaka?" Nimemwonea wivu shule, nimemwonea wivu ndege, sasa namwonea wivu hata hilo, kwa sababu mimi nisingeweza. Jumapili tarehe 9 Machi 2025, saa tano asubuhi, alifariki.

Familia inawashukuru madaktari na manesi, majirani mliopika na kulala hapa, wafanyakazi wenzake, na usharika.

Mlioegemea ukuta, mkisimama twende kaburini mtajikuta migongo imekuwa myeupe juu ya nguo nyeusi. Msijipanguse kwanza. Atakayewauliza, mwambieni ni kazi ya Lekishon, karatasi ya Nathanael ilisema kweli.

Haya, mdogo wangu, pumzika kwa amani.