Katekista Pius Ndalahwa na Benchi la Nyuma

Baba Paroko, masista, viongozi wa kigango na wa jumuiya, majirani, na ndugu mliotoka Misungwi, Buswelu na Muleba, Tumsifu Yesu Kristo. Familia ya marehemu Mzee Ndalahwa imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu, Pius Masele Ndalahwa, tunayemsindikiza leo Jumamosi, tarehe 15 Machi 2025, hapa nyumbani kwake Buhongwa. Mimi ni Dorotea, mdogo wake wa mwisho. Nitasoma taratibu ili hata walio nje ya turubai wasikie.

Marehemu alizaliwa tarehe 5 Julai 1952, katika kijiji kilicho jirani na misheni ya Bukumbi, ambako sasa ni Wilaya ya Misungwi, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa Mzee Ndalahwa Masele na Mama Mhoja, wakulima wa pamba na wafugaji. Kitambulisho chake kimeandikwa tarehe 1 Julai, na wapo wanafamilia waliozoea kumpongeza siku hiyo, lakini cheti cha ubatizo kinaonyesha tarehe tano, na mama yetu hadi anafariki alikuwa akisema kwamba alimzaa siku ya mnada, na mnada wa kwetu ulikuwa Jumamosi, kwa hiyo familia inashika tarehe tano. Alibatizwa tarehe 13 ya mwezi huohuo, katika misheni ya Bukumbi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1961 na kumaliza darasa la saba mwaka 1967. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, akabaki nyumbani akichunga ng'ombe wa baba, na mwaka 1970 akaanza kujifunza useremala kwa mafundi wa misheni, kazi aliyoipenda hadi mikono iliposhindwa. Kuanzia Januari 1973 hadi Desemba 1974 alisoma chuo cha makatekista, na mwaka 1975 alihamia hapa Buhongwa, wakati huo eneo kubwa likiwa mashamba ya mihogo na mpunga, akafungua karakana hii mnayoiona nyuma ya turubai, akawa katekista wa kwanza wa kigango chetu.

Padre alikuwa akifika kigangoni mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine zote marehemu ndiye aliyeongoza ibada, ndiye aliyefundisha watoto komunyo ya kwanza, na ndiye aliyeitwa panapokuwa na mgonjwa au msiba. Kanisa lilipokamilika mwaka 1980 alitengeneza mabenchi yote kwa mkono wake, na mbao zilizobaki akaziunga akapata benchi moja fupi, linalotosha watu wazima wawili, likawekwa nyuma kabisa karibu na mlango. Naomba mlikumbuke benchi hilo.

Tarehe 28 Agosti 1976 marehemu alifunga ndoa takatifu na Rebeka, binti wa Buswelu, na Mungu akawajalia watoto watatu, Alexander, aliyezaliwa mwaka 1978, ambaye ni mwalimu, Gladness, aliyezaliwa mwaka 1981, ambaye ni muuguzi huko Sengerema, na Queen, aliyezaliwa mwaka 1988, ambaye ana duka la nguo Nyegezi, karibu na stendi ya mabasi. Ameacha pia wajukuu tisa. Shemeji Rebeka ameniomba niseme kwamba katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kukaa kwenye kiti kisichoyumba, kwa sababu viti vizuri viliuzwa, na vya nyumbani viliahidiwa wiki ijayo.

Mwaka 2005 wazee wa mtaa, Wakristo na Waislamu, walikuja hapa nyumbani kumwomba agombee udiwani wa kata yetu. Alifikiri kwa muda, akakubali, na kabla ya kuchukua fomu alikwenda kwa Baba Paroko wa wakati huo akamwomba ampumzishe ukatekista. Paroko hakupenda, akamwambia, "Pius, wewe watu wanakuamini kwa sababu ya ukatekista, sasa unauacha siku unapouhitaji?" Marehemu akamjibu, "Baba, ndiyo sababu yenyewe. Wakiniona pale mbele hawatajua wanamsikiliza katekista au mgombea, na nahofia hata mimi nitasahau." Aliporudi nyumbani alimkabidhi Shemeji Rebeka joho jeupe alilokuwa akivaa kuongoza ibada, alifue na kulikunja, na Jumapili iliyofuata akakaa kwenye benchi la nyuma.

Wapo waliosema amekimbia kanisa, wapo waliosema anaringa. Alishinda uchaguzi, akashinda tena mwaka 2010, na kwa muda wote huo hakupanda mbele ya kanisa, hakusoma somo, hakutoa tangazo, na alipoalikwa kwenye viti vya wageni wa heshima alishukuru kwa kuinua mkono kutoka kulekule mlangoni. Mwaka 2011 halmashauri ilipokuwa inaleta kioski cha maji, wazee wa kigango walitaka kijengwe kwenye kiwanja cha kanisa, na wataalamu walikuwa wamependekeza njia panda karibu na msikiti, ambapo kaya nyingi zingefikiwa. Marehemu alisimama na wataalamu. Mzee mmoja akamwambia, "Katekista, umetusahau." Akajibu, "Katekista wenu yuko benchi la nyuma, Jumapili mtamkuta. Hapa mnaongea na diwani." Kioski kipo njia panda hadi leo, na Shemeji Rebeka alibeba ndoo kutoka huko kama wenzake, akimwuliza mara kwa mara kama mheshimiwa anaijua hiyo njia kwa miguu.

Jambo lililowasumbua watu zaidi lilikuwa la misibani. Sote tunafahamu utaratibu wetu, kwamba kiongozi akifika msibani anaitwa mbele kutoa salamu, na salamu hizo mara nyingine zinakuwa ndefu, zinafika kwenye barabara, zahanati na uchaguzi ujao. Marehemu alikuwa anafika mapema, anabeba mabenchi, anachimba kaburi na vijana, na alipoitwa kwenye kipaza sauti alikuwa anasimama, anainama kuelekea jeneza, anakaa. Alituambia sababu yake akiwa anakula, hakuifanya kuwa hotuba. Alisema, "Mfiwa hana pa kukimbilia, amekaa pale na maiti wake, lazima anisikilize. Huo siyo mkutano wangu."

Lakini familia haitaki kuficha kwamba jambo hilo liliwahi kumuumiza mtu asiye na kosa. Mwezi Februari 2008 alifariki jirani yetu Mwalimu Ponsian Rwehumbiza, na mwili wake uliagwa hapa Buhongwa kabla ya kusafirishwa kwenda Muleba. Kaka yetu aliitwa, akasimama, akainama, akakaa. Mjane, Mama Jovitha, ambaye yupo nasi hapa na ameniruhusu kuyasema haya, aliumia sana, akawaambia majirani, "Angekuwa Msukuma mwenzake angesema. Sisi tuliokuja hatustahili hata salamu." Maneno hayo yalimfikia marehemu, na Mama Jovitha aliporudi kutoka Muleba, kaka yetu alimchukua Shemeji Rebeka wakaenda kwake kuomba radhi.

Alieleza nia yake yote, kwamba hakumdharau, kwamba anafanya hivyo kwa kila msiba. Mama Jovitha alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Mheshimiwa, nia yako ni nzuri, lakini ulikaa nayo moyoni. Nilikuwa na jeneza mbele yangu, ningeijuaje? Ungepita kuniambia kabla." Marehemu akasema, "Hapo umenishinda, mama." Tangu siku hiyo, palipotokea msiba katika kata, alianza kwa kwenda nyumbani kwa wafiwa, anakaa nao ndani, anasema pole yake yote bila haraka, na anawaeleza kwamba siku ya maziko hatashika kipaza sauti na kwa nini. Nasi ndugu zake tuliona kwamba tangu hapo ukimya wake haukumuumiza mtu tena.

Katika uchaguzi wa Oktoba 2015 marehemu alishindwa na Mheshimiwa Mashimba, ambaye ndiye diwani wetu hadi sasa. Wengi walisema misiba ndiyo iliyomwangusha, kwa sababu mwenzake alizungumza kwenye kila turubai, na watu walikuwa wameizoea sauti yake. Bibi mmoja alimwambia waziwazi, "Pius, wewe tulikuwa hatukusikii." Yeye alikuwa anaisimulia habari hiyo huku akicheka, na sisi tuliomfahamu tunathibitisha kwamba kicheko chake kilikuwa cha kweli. Baba Paroko alitaka kumrudisha mbele Jumapili iliyofuata, lakini marehemu akaomba wasubiri mambo ya uchaguzi yatulie, na tarehe 29 Novemba 2015, Jumapili ya kwanza ya Majilio, alivaa tena lile joho, ambalo lilikuwa limembana kidogo tumboni. Watoto wa komunyo walipomwamkia, "Shikamoo, Mheshimiwa," aliitikia, "Marahaba, lakini sasa nimepanda cheo, niiteni Katekista." Miaka saba iliyofuata, kwa maneno yake mwenyewe, ilikuwa mizuri kuliko yote.

Mwishoni mwa mwaka 2022 afya yake ilianza kudhoofika, na Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume. Alitibiwa hospitali ya Bugando, akapata nafuu na kurudi kufundisha, hadi Novemba 2024 alipozidiwa. Mwezi Januari mwaka huu aliwaita Shemeji Rebeka na watoto, akawapa agizo moja tu, kwamba siku ya maziko yake pasiitwe mtu yeyote kutoa salamu kwa sababu ya cheo alichonacho mtu huyo. Alifariki dunia akiwa nyumbani, Jumatano tarehe 12 Machi 2025, saa tatu asubuhi, wiki ya kwanza ya Kwaresima, mke wake akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili na miezi minane.

Agizo hilo halikuwa jepesi kwetu. Jumatano ileile familia ilikaa kikao, na Alexander, akiwa mtoto wa kwanza na mwenye mzigo wa shughuli yote, alisema yaliyokuwa moyoni mwake, akasema, "Baba amepumzika, sisi ndio tunabaki na hawa watu. Diwani atakaa hapa aonekane ametengwa, na itasemwa ni kisasi cha kura." Wengine walipendekeza aitwe diwani peke yake, kwa dakika mbili. Shemeji Rebeka alikuwa analia. Mama Jovitha, aliyekuwa amekaa na akinamama mlangoni, akaomba nafasi, akasema, "Mimi ndiye niliyekasirika kuliko wote, kwa hiyo nisikilizeni. Agizo lishikeni. Ila wasije wakalijua wakiwa wamekaa kwenye turubai. Alexander, mwanangu, baba yako angekwenda kwao kwanza." Kikao kikaishia hapo.

Alexander akatoka Alhamisi, akawafikia viongozi wote waliotarajiwa, wa serikali na wa vyama vyote, nyumba kwa nyumba, na wa mwisho akawa Mheshimiwa Mashimba. Ametuambia kwamba alifika pale akiwa na maneno mengi, na Mheshimiwa akamkatiza kwa kicheko, akasema, "Mzee Pius ameniwahi tena, kama alivyokuwa akiniwahi kwa wafiwa." Kisha akafuta macho, akauliza, "Sasa mwalimu, mimi nitakaa wapi? Maana nimezoea mbele." Alexander akamwambia mabenchi ya kigango yataletwa, achague mwenyewe.

Kwa hiyo, waheshimiwa mliopo, hamtaitwa, na hamkusahaulika. Asubuhi ya leo mabenchi yaliposhushwa kwenye lori, Mheshimiwa Mashimba alikuwa miongoni mwa waliobeba, na ninyi mlio upande wa karakana mnaliona benchi alilochagua. Ni lile fupi. Linatosha watu wawili, na mwenzake aliyeketi naye ni Mama Jovitha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Bugando, Baba Paroko aliyemletea marehemu komunyo nyumbani kila Ijumaa, makatekista wenzake, kwaya, mafundi seremala wa Buhongwa waliotengeneza jeneza hili bila kukubali malipo, viongozi wetu kwa kuja na kwa kunyamaza, watoto wa komunyo ya kwanza, na majirani ambao tangu Jumatano hawajatuacha tupike wenyewe. Ambao sikuwataja, tunawashukuru vilevile.

Kaka Pius, ulisema mfiwa asilazimishwe kusikiliza maneno mengi, nami nimesoma mengi, lakini yote yalikuwa yako. Kipaza sauti nakirudisha kwa Baba Paroko. Lala salama mikononi mwa Bwana, Katekista, nasi tutakukuta huko, hata kama utakuwa umekaa nyuma.