Mzee Vendel, Taa ya Mnara na Ukuta wa Baridi

Miaka thelathini na minane na siku kumi na moja. Huo ndio muda ambao Mzee Vendel Tömböly ameitumikia Redio ya Fűzmart, hapa kwetu kando ya Ziwa Balaton, na leo Jumatatu, tarehe 31 Agosti, saa nane mchana, anastaafu. Zile siku kumi na moja amedai mwenyewe ziandikwe. Anasema zilikuwa za joto kali na alizitolea jasho, kwa hiyo hamwachii mtu.

Hakuajiriwa kutangaza. Aliajiriwa kupanda mnara wa ufukweni na kubadilisha balbu ya taa ya onyo, ile ambayo ikipepesa polepole waogeleaji wasiende mbali, na ikipepesa haraka hakuna kuingia majini kabisa. Siku moja mtangazaji wa hali ya hewa aliugua. Vendel akashuka mnarani na ovaroli yake ya grisi, akaketi mbele ya kipaza sauti, akasema: "Nimetoka juu sasa hivi. Mvua inakuja. Anueni nguo." Tangu siku hiyo kile kiti kikawa chake.

Karatasi ya utabiri huletwa kila asubuhi kutoka mji mkuu, naye huisoma kwa heshima zote. Lakini mwisho wa kiangazi, wakati hewa ya baridi inaposhuka kutoka kaskazini-magharibi na kulisukuma joto mbele yake, kile tunachokiita ukuta wa baridi, Mzee Vendel kwanza hupiga simu mbili. Moja ni kwa Bibi Juliska, muuza mikate wa Sopron, mji wa kaskazini-magharibi ambao baridi huufikia kabla yetu. Ya pili ni kwa Jenő, mlinzi wa kivuko cha reli katikati ya njia ya kutoka huko kuja kwetu. Swali ni lile lile miaka yote: "Juliska, nguo ziko kambani?" Zikiwa kambani, tunapumua. Zikianuliwa, Mzee hutazama saa ya ukutani na kuanza kuhesabu.

Amewahi kukosea? Amekosea sana, na leo hatufichi. Kuna asubuhi alichukua karatasi ya wiki iliyopita akatangaza ukuta wa baridi ambao ulikuwa umeshapita zamani. Mnajua tulivyo mji huu: ukitajwa tu, vichwa vinaanza kugonga na magoti yanavimba. Kufikia adhuhuri zahanati ilikuwa imejaa, na mbingu ni buluu tupu. Jioni akaomba radhi hewani. Mama Etelka wa duka la uzi akapiga simu, amewaka:

"Wewe Vendel, unataka kusema kichwa changu ni mwongo?"

"Hapana, Etelka. Mwongo ni mimi. Kichwa chako kina haki zake."

"Haya. Basi kesho nitajie kitu kizuri, niamke vizuri."

Na kesho yake akamtakia jua yeye peke yake, kwa jina.

Kiangazi kile binti yangu Bori alipokuwa mchanga, nilikuja naye kazini nikamlaza kwenye sanduku la nyaya chini ya meza ya studio, maana sikuwa na wa kumwachia. Mzee akawa anasoma hali ya hewa kwa kunong'ona asimwamshe. Wavuvi walidhani ananong'ona kwa sababu mambo ni mabaya, wakavuta boti zao nchi kavu wiki nzima. Hakuwaambia ukweli. Alisema hewani kwamba pumziko halijawahi kumuua mvuvi.

Sasa nifike kwenye ile barua. Miaka saba iliyopita, siku ya kuvuka ziwa kwa kuogelea, watu elfu tatu walikuwa wamejipanga ufukweni na maji yametulia kama sahani. Karatasi ilisema ukuta utafika usiku. Lakini Bibi Juliska alikuwa ameanua. Mzee akawasha taa, ikapepesa haraka. Katibu wa tamasha, Bwana Ottó Zsiray, alipanda ngazi za redio akihema.

"Vendel! Watu elfu tatu wameshavaa nguo za kuogelea!"

"Basi wavue."

"Na soseji zangu?"

"Soseji haziogelei, Ottó."

Ukuta ukapinda ukapitia milimani. Hapa halikudondoka hata tone. Watu walizomea, na bodi ya redio ikamwandikia barua ya onyo. Mzee aliibandika juu ya kipaza sauti, na chini yake akaandika kwa kalamu ya rangi: "Siku hiyo nilikosea, na hakuna aliyezama." Ipo hadi leo. Huifuta vumbi kila Jumamosi.

Bodi imesema kiti chake nitakikalia mimi, mpokea simu, kwa mwezi mmoja wa majaribio. Nikikosea hata mara moja, mtambo utaanza kusoma utabiri na simu zile mbili zitakatwa. Sikusoma sana, na wote mnajua. Ila nilimsikiliza Mzee miaka sita.

Aya hizi za mwisho nimeziandika upya asubuhi hii, mashine ya kunakili ikiningoja. Ratiba mliyo nayo inasema saa nane tutapanda boti, sisi na bodi yote, tumzungushe Mzee ziwani. Karatasi inasema ukuta utafika saa mbili usiku. Bibi Juliska ameanua nguo tangu saa tatu asubuhi. Jenő anasema upepo umemnyang'anya kofia. Nilimuuliza Mzee afanyeje mtu.

"Kiti si changu tena, mwanangu."

"Lakini Mzee, hadi saa nane bado ni chako!"

"Nani ameshika simu?"

Nilikuwa nimeshika mimi.

Basi mtazamo wa leo kwa ufukwe wetu ni huu: joto hadi adhuhuri, kisha upepo mkali wa ghafla, mawimbi, na baridi ya kutafuta sweta. Saa sita kamili taa itapepesa haraka. Boti haiendi. Lángos, ile mikate yetu ya kukaanga, na divai vitahamia ukumbi wa zimamoto, na wajumbe wa bodi wanakaribishwa huko wakiwa wakavu. Ukuta ukipinda tena na ziwa likatulia, niandikieni barua. Pembeni ya ile ya Mzee pana nafasi, nimeshapima, na gundi ninayo.

Asante, Mzee Vendel, kwa kila mtoto aliyerudi nyumbani akilia kwa sababu ulimkataza kuogelea. Tunakutakia maisha marefu, magoti yasiyouma, na asubuhi nyingi za kupiga makasia kwenye maji matulivu.

Ila leo, hata wewe, huingii ziwani.

Kincső, mapokezi