Sikio la Kulia la Kaizari

Pale Makandana, kwenye barabara inayopanda kwenda hospitali, duka la Mzee Kasim lina upenu mpana kuliko duka lenyewe. Chini ya upenu huo pana benchi la mbao za mti wa mlingoti, jiko la mkaa, birika la kahawa, sahani ya kashata, na wanaume ambao mvua ya Tukuyu imewapa kisingizio cha kukaa miezi tisa ya mwaka. Miezi mitatu inayobaki wanakaa kwa mazoea. Bei ya chai, ndoa za watu, mpira, uzazi wa ng'ombe, yote yameshapita pale yakapatiwa ufumbuzi ambao hakuna aliyeutumia. Alhamisi ile hoja ilikuwa moja, nayo ilikuwa imelala sakafuni, kidevu juu ya miguu ya mbele: Kaizari, mbwa wa miezi kumi, mweusi mgongoni, rangi ya asali miguuni, kifua kipana, sikio la kushoto limesimama wima, la kulia limelala.

Mwenye mbwa alikuwa Nsajigwa, ambaye kijiweni anaitwa Fomani. Miaka ishirini na sita alisimamia wachuma chai, na mpaka leo hawezi kupita kando ya shamba lililokatwa kombokombo bila kusonya. Mke wake alipofariki, binti yake Tupokigwe, mwalimu huko Mwanza, hakutaka baba abaki peke yake. Akampigia simu mtu wa Mbeya, na kitoto cha mbwa kikaletwa ndani ya boksi la sabuni. Muuzaji aliapa: Jemani shepadi halisi, baba na mama, masikio yatasimama mwezi wa tano. Mwezi wa tano la kushoto likatii. La kulia halijapata taarifa mpaka leo.

Kijiwe kikambatiza mbwa jina la Nusu Mjerumani. Fomani, aliyewahi kuvumilia mengi maishani, hilo likamshinda. Jana yake, mbele ya watu wote, alikubali kwa mdomo wake mwenyewe kwamba Jotham ayakate masikio yote mawili, yalingane. Jotham ndiye Dokta wa kijiwe. Nguruwe na mbuzi wa kata nzima anawahasi yeye, na mbwa kadhaa amewakata masikio, maana wapo wanaoamini kwamba mbwa akikatwa masikio anakuwa mkali. Leo alikuja na wembe uliofungwa kwenye karatasi na kopo la majivu ya kuzuia damu. Nsajigwa alipouona wembe ule alitamani kumwita mbwa wake warudi nyumbani. Lakini neno lilishatoka, na fomani hageuki.

— Mimi tangu mwanzo nilisema ni mvua, alianza Mzee Kasim akimimina kahawa. Banda lake limetazama wapi?

— Kaskazini, alijibu Nsajigwa.

— Basi. Mvua inampiga ubavu wa kulia. Sikio linalolowa kila siku litasimama kwa kutumia nini?

— Mzee Kasim, hapa Tukuyu kila mtu analowa pande zote, alisema Gugo. Jina lake halisi ni Noah, kijana wa bodaboda; wanamwita Gugo, yaani Google, kwa sababu haamini kitu mpaka akione kwenye simu. 

— Mimi nimesoma, aliendelea Gugo. Sikio linasimamishwa na madini ya mifupa. Maziwa, mzee Fomani. Unampa maziwa?

— Nusu lita kila asubuhi, ya ng'ombe wangu mwenyewe.

— Anakunywaje?

— Anakunywaje vipi? Kwa ulimi!

— Hapana, namaanisha anasimamaje. Bakuli liko wapi?

Nsajigwa alifikiri kidogo.

— Liko pembeni, karibu na ukuta. Anainamia kushoto.

— Si unaona! Gugo alipiga paja. Maziwa yote yanakwenda kushoto! La kulia linakufa njaa, mzee wangu. Geuza bakuli.

Benchi zima liliguna kwa kukubali, na hata Nsajigwa akajikuta anapima kichwani umbali wa bakuli na ukuta. Jotham peke yake alitikisa kichwa, kama mtaalamu aliyezungukwa na wanafunzi.

— Maziwa hayana kosa. Kosa ni parachichi. Fomani, sema kweli mbele ya watu hawa, mbwa wako anakula parachichi?

— Akiokota chini ya mti, anakula. Nitamnyang'anya?

— Ehe! Mafuta yale yanalainisha gegedu. Ndiyo maana Rungwe yote hii huoni mbwa aliyesimama masikio. Tumewalainisha sisi wenyewe kwa maparachichi yetu.

— Na la kushoto limesimamaje? aliuliza Mzee Kasim.

— La kushoto ni kaidi.

— Tulieni, tulieni, alisema Gugo. Mnasahau mlima. Huu mlima Rungwe zamani si ulikuwa wa moto? Ndani yake kuna chuma kimeyeyuka. Chuma ni sumaku. Kaizari akilala, mlima uko upande gani?

— Kulia, alisema Nsajigwa kwa sauti ndogo.

— Nimemaliza.

Watu waligeuka kuutazama mlima, ambao kwa wakati ule haukuonekana kabisa kwa sababu ya ukungu. Mzee Kasim hakukubali kushindwa na kijana.

— Sumaku haina akili, lakini damu inayo. Wajerumani walipojenga boma lao hapa walikuja na mbwa. Vita ilipowashinda wakakimbia, mbwa wakabaki. Sasa huyu amezaliwa na habari mbili ndani yake. Sikio moja bado linasubiri amri ya bwana mkubwa. La pili limeshaambiwa vita imekwisha, limepumzika.

— Tumjaribu basi kwa Kijerumani! Gugo alishachomoa simu.

Simu ikatoa sauti nzito ya mwanamume wa Ulaya ikifoka maneno makali. Kaizari alipiga miayo. Simu ikafoka tena. Mbwa akanusa kiatu cha Gugo, akarudisha kidevu chake mahali pake.

— Mjerumani gani asiyejua lugha ya kwao? alicheka Jotham.

— Alikuja ana wiki nane, alisema Nsajigwa, maneno hayo yakiwa yamemchoma. Gwe Jotham, wewe ungeletwa hapa una wiki nane ungejua lugha gani? Tazameni. Kaizari! Simama!

Kaizari alisimama.

— Tugala.

Aliposikia neno hilo la Kinyakyusa mbwa aliketi, mgongo umenyooka, macho usoni pa mzee. Nsajigwa aliweka kipande cha kashata sakafuni, sentimita chache kutoka puani mwake, akatoka akaenda mpaka mwisho wa upenu, akasimama akiwapa mgongo. Mate yalimchuruzika mbwa mpaka kifuani. Hakugusa. Mzee Kasim, ambaye kwa dini yake hamgusi mbwa wala hapendi pua yenye unyevu karibu na kanzu yake, aliacha kumimina.

— Mashallah, alisema. Mimi wajukuu wangu hawafiki hapo.

— Isaga, alisema Nsajigwa bila kugeuka. Mbwa aliiacha kashata akamfuata.

Wote walimwaga sifa kwa pamoja. Gugo alisema mbwa huyu ni noma. Mzee Kasim akakumbusha siku Fomani alipoteleza kwenye korongo kule shambani Nkunga, akateguka kifundo cha mguu, na Kaizari, wakati huo bado kitoto cha miezi sita, akabweka palepale ukingoni bila kuondoka mpaka kina mama waliobeba ndizi wakageuza njia kuja kutazama. Nsajigwa aliona fahari, na fahari hiyo ilikuwa inamuumiza, kwa sababu kopo la majivu lilikuwa bado pale kwenye benchi.

— Ni mzuri fijo, mzuri sana, alisema Jotham. Kwa hiyo tummalizie uzuri. Mfunge kamba mdomoni, Fomani. Gugo, wewe utashika miguu ya nyuma.

Hapo mvua iliongeza kasi, ikamsukuma mgeni chini ya upenu. Alikuwa dada mmoja aliyevaa sweta mbili na mtandio, viatu vyeupe vimelowa tope. Alisema shikamooni, akaitikiwa, akamwona mbwa, akarudi kwenye mvua hatua moja.

— Anauma?

— Haumi, mwanangu, ingia, alisema Nsajigwa akimvuta Kaizari miguuni pake. Na hata angeuma, amechanjwa. Tazama.

Kutoka mfuko wa ndani wa koti alitoa mfuko wa nailoni, na ndani ya nailoni cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, kisafi kuliko kitambulisho chake mwenyewe. Nyuma alikuwa ameandika kwa mkono tarehe za dawa ya minyoo. Yule dada alikisoma chote, kwa makini, mpaka sahihi ya afisa mifugo.

— Mimi Rahima, alisema. Ni muuguzi hapo hospitali juu. Nimehamishiwa kutoka Kilwa, mwezi haujaisha. Kwetu sijawahi kuona mbwa mwenye kadi. Hata wagonjwa wangu wengi wanasahau za kwao.

— Kadi haisimamishi sikio, alisema Jotham akikunjua karatasi. Wembe ulikuwa mpya, unang'aa.

— Anafanyiwa nini?

— Tunamlinganisha masikio. Kazi ya dakika mbili. Nimeshawafanyia wengi hapa mjini na huko Suma.

— Kwa ganzi?

— Ganzi ya nini? Ni mbwa.

Rahima alipokea kikombe kutoka kwa Mzee Kasim, akakizungushia viganja vyote viwili kupata joto. Hakuwa na sura ya mtu anayetafuta ugomvi. Aliuliza kama wanavyouliza wodini, mtu akiwa na kalamu mkononi.

— Sisi tukimshona mtu tunamwambia arudi siku ya saba tuone kidonda. Hao mbwa wako walirudi?

— Kurudi wapi?

— Kwako. Uliwaona tena? Wako wapi sasa?

Jotham alianza kuhesabu kwa vidole.

— Yupo... yule wa kwa Felista, mama wa genge.

— Yule alipotea, alisema Mzee Kasim. Felista alimtafuta wiki nzima.

— Basi wa kwa fundi seremala.

— Fundi alihama, alisema Gugo. Mbwa hakuhama naye. Sijui aliishia wapi, kwa kweli.

— Na wale wawili wa Suma? aliuliza Mzee Kasim.

Hakuna aliyejua walipo wale wawili wa Suma. Benchi ambalo dakika tano kabla lilijua siri za mlima na mawazo ya Wajerumani sasa lilitazama kahawa yake. Nsajigwa alikuwa anamkumbuka mbwa mmoja aliyemwona mwaka juzi nyuma ya soko, kichwa amekiinamisha upande, anakitikisa bila kukoma, nzi wamejaa mahali palipokuwa na sikio. Watu walikuwa wanamfukuza kwa mawe kwa sababu ya harufu. Na yeye Nsajigwa alipita upande wa pili wa barabara. Aliona aibu mpaka masikio yake mwenyewe yakawaka moto.

— Dokta, alisema. Funga wembe wako.

— Fomani, jana ulisema mbele ya watu...

— Jana nilisema ujinga mbele ya watu. Leo nausahihisha mbele ya watu haohao. Mwiteni Nusu Mjerumani, mwiteni mnavyotaka. Huyu hakatwi.

Kaizari, aliposikia sauti ya bwana wake imepanda, aliinuka akasimama kati yake na Jotham. Hakunguruma. Alisimama tu.

Kila mtu alitegemea Jotham atacheka au atakasirika, maana ndiyo kawaida yake. Hakufanya hata kimoja. Alikunja karatasi polepole, akautia wembe mfukoni, akakaa akitazama mvua. Alipoanza kusema hakuwa anasema na mtu hasa.

— Wa kwanza alikuwa wangu.

— Wa kwanza nani? aliuliza Gugo.

— Wa kwanza kumkata. Nilikuwa sijaoa bado. Mbwa mwekundu, wa kienyeji tu, hana ukoo. Nikitoka kazini alikuwa ananisubiri pale njia panda, kila siku, hata mvua kama hii. Nikaambiwa mkate masikio atakuwa mkali. Nikamkata. Kidonda kilipona, dada, usidhani hakikupona. Lakini njia panda hakuja tena. Nikimwita anakaa mbali, ananitazama. Siku moja hata huko mbali hakuwepo.

Mzee Kasim alimsogezea kikombe bila kuulizwa.

Nsajigwa aliteremka kwenye benchi, akachuchumaa kando ya mbwa wake.

— Njoo umguse, Jotham.

— Mimi? Anajua nilichojia.

— Hajui. Mwachie kwanza anuse mkono. Usimtokee juu ya kichwa, pitia chini, hivi. Taratibu.

Jotham alichuchumaa, magoti yakalia. Alinyoosha mkono ambao nguruwe wa kata nzima wanaukimbia. Kaizari aliunusa kwa muda mrefu, kidole kwa kidole, akauramba mara moja, halafu akageuza kichwa na kulilaza lile sikio la kulia juu ya kiganja.

Jotham hakujua la kulifanyia. Alilishika kwa vidole viwili, akalipapasa kutoka chini mpaka nchani, akarudia.

— Lina joto, alisema.

Gugo alitaka kutoa nadharia kuhusu joto, Mzee Kasim akamkanyaga mguu.

— Laini hivi, alisema Jotham. Masikio yote yale, ndugu zangu, sijawahi kushika hata moja bila wembe mkononi.