Profesa Sufuria Hakuishi Peke Yake

Poleni ndugu, poleni majirani, poleni na nyinyi walimu mliofunga ofisi kuja kumzika mwenzenu. Mimi ni dada yake marehemu, mdogo wake wa pekee, nimepewa karatasi hii iliyoandikwa na wenzake wa Idara ya Historia niwasomee, baadaye itahifadhiwa maktaba ya chuo pamoja na vitabu vyake, na nitaisoma hivyo hivyo nilivyo, maana tangu wiki iliyopita sijapata usingizi wa maana.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yetu, fundi saa, akaanza shule ya msingi mwaka 1958, akamaliza sekondari mwaka 1970 kwa alama zilizomfanya baba azunguke mtaa mzima akijifanya anatafuta fundi viatu, kumbe anataka tu aulizwe habari za mwanawe, kisha akaingia chuo kikuu, akapata shahada ya kwanza mwaka 1974 na ya uzamivu mwaka 1983.

Aliajiriwa chuoni tarehe 1 Oktoba 1975, akafundisha hadi alipostaafu mwaka 2016, na kazi yake yote ilihusu nyumba za watu wa kawaida wa karne ya kumi na sita hadi ya kumi na nane, walivyotafuta riziki, nani alisokota uzi, nani alikamua ng'ombe, nani alikula mwisho, mpaka wanafunzi wakambandika jina la Profesa Sufuria, kwa kuwa kila walipomletea hoja nzito za wafalme na biashara aliwauliza sufuria ilisuguliwa na nani. Alikuwa akisema makarani wa zamani, mtu akifa, waliingia nyumbani mwake wakaandika kila kitu hadi kijiko kilichopinda, lakini aliyewafungulia milango, chumba hadi chumba, hawakumwandika, na huyo ndiye yeye, kaka, alikuwa akimtafuta.

Alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1979 na wifi yangu, mkunga, mwanamke wa kucheka hadi nyumba ya tatu wanasikia, wakajaliwa binti, mhandisi wa barabara, na kijana, mfamasia, wote wapo hapa. Wifi alitangulia tarehe 3 Mei 2004, na tangu hapo, karatasi inasema, marehemu aliishi peke yake, akiutumikia utafiti.

Jamani. Hapa naomba mnivumilie kidogo.

Nilikwenda kwa kaka mwaka 1981, binti alipozaliwa, nikaambiwa nisaidie miezi mitatu, na mpaka leo sijaondoka, na nyinyi walimu mmekuja kila Jumamosi kubishana sebuleni, mkala, mkaongezewa, mwenyekiti wa idara ana kiti chake kabisa karibu na dirisha, sasa huyo aliyeishi peke yake alikuwa anawapikia kwa miujiza? Sigombi, nguvu za kugomba nazitoa wapi, ila imeniuma, na nataka kuamini kwamba angekuwa hai angewarudishia karatasi hii imejaa wino mwekundu.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2021, nikawa nampeleka kusafishwa damu Jumatatu na Alhamisi, na kwenye foleni alinieleza kwamba sura ya mwisho ya kitabu chake imemshinda, huyo mfungua milango bado hajamwona, nami nikamwambia ale kwanza, chakula kinapoa. Alifariki tarehe 6 mwezi huu, saa nne asubuhi, baada ya kuniomba nimgeuzie mto, nikaugeuza, akashukuru, akatulia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliotubebea maji na viti, na walimu wenzake, ndiyo, hata nyinyi, mlimpenda, sina shaka. Ila kabla hatujaenda makaburini, mwenye kalamu asogee hapa mbele, afute hayo maneno mawili, aandike kwamba aliishi na dada yake.

Pumzika kwa amani, kaka, leo sikuiti mezani.