Shingo ya Fundi Pindo

Benchi liko mlangoni pa fundi Pindo, na wanaolikalia hawajawahi kuchelewa popote, maana hawana pa kwenda. Pindo haketi nao. Yuko ndani, hatua mbili tu, nyuma ya cherehani, amejikunja kama mkono wa kikombe. Mwezi wa tatu huu shingo imemkaza, mabega yanawaka moto, na akiitwa hugeuka mwili mzima kama kabati linalohamishwa. Asubuhi ile aliwatangazia: Jumamosi anakuja mtu kuinunua cherehani.

— Unauza? — Gazeti, mmoja wa wale wa benchini, alishusha gazeti lake la wiki iliyopita. — Ugonjwa wako naujua. Kichwa kizito, wewe umekiacha kining'inie. Sikio halipiti kichwa.

— Sikio limeingiaje hapa? — Pindo aliuliza bila kugeuka.

— Masikio ndiyo yanayoongeza uzito.

Randa, seremala, alijimiminia kikombe cha tatu cha kahawa.

— Usimsikilize. Mgongo ni ubao. Ubao uliopinda unalazwa chini, unawekewa jiwe juu, wiki nzima. Samaki mkunje angali mbichi!

— Randa, mimi nina wajukuu. Ubichi uko wapi?

— Basi tutakuloweka kwanza.

— Jiwe la nini? — Gazeti akadakia. — Jicho linafuata sindano, shingo inafuata jicho. Ashone amefumba macho, kwisha habari.

— Atashona vidole!

— Vidole si shingo. Mwenda pole hajikwai.

Pindo aliipapasa cherehani. Cherehani ile ndiyo iliyomsomeshea binti na kumzikia mama. Sasa anaiuza kwa ajili ya shingo, na wenzake wanataka kumloweka kama maharage.

Ndipo akaingia mama mmoja mfua nguo, kufuata sare ya mjukuu wake. Pindo alipoinuka kuitafuta, mama akajibwaga kwenye stuli ya fundi. Meza ya cherehani ikamfika kwapani.

— Makubwa! Fundi, hii stuli au kigoda cha jikoni?

— Stuli, mama. Zamani ilikuwa ndefu. Ikawa inayumba, Randa akaipunguza mguu mmoja.

— Ikatulia?

— Ikayumba upande wa pili. Akapunguza mwingine.

— Haba na haba hujaza kibaba, — Randa alisema kwa fahari. — Mwaka wa nne huu naihudumia.

— Na leo?

— Leo inayumba kidogo tu, — Pindo akakiri.

Mama aliinama, akatazama miguu ile mifupi ilipokanyaga. Saruji ilikuwa imebonyea, shimo la kutosha kulaza yai.

— Na sakafu, nani aliipima?

Gazeti alirudi kwenye habari za wiki iliyopita. Randa aliinamisha birika. Yakatoka matone mawili, kisha likakauka. Akaendelea kuliinamisha vivyo hivyo.

Pindo hakuwangoja. Alitoka nje, akawainua wote wawili, akalikokota benchi ndani, mama akampisha na stuli, na benchi likakaa nyuma ya cherehani, likivuka shimo kama daraja. Akakaa. Viwiko vikawa sawa na meza, na mabega, ambayo kwa miezi mitatu yalikuwa yamepanda masikioni, yakashuka yenyewe.

Wale wawili walibaki wamesimama mlangoni, vikombe vitupu mkononi.

— Yule mtu wa Jumamosi akija, — Pindo aliwaambia, mguu ukiwa tayari unakanyaga, — mwambieni ninachouza ni stuli.