Nibebeni Hadi kwa Jejiga

Belaid, sogeza mto nyuma ya mgongo wangu. Ferudja, acha kulia, unanifunika sauti. Nisikilizeni wanangu, maana pumzi iliyobaki si ya kurudia maneno.

Nyumba hii ni ya Ferudja aliyeniuguza, hata wazee wa baraza waseme binti harithi. Shamba la bondeni ni la Belaid, lakini ardhi tu. Ile mizeituni mitatu ya katikati ni ya mama mdogo Jejiga, aliachiwa na mumewe, kama ilivyo desturi yetu huku milimani, ardhi ya huyu, mti wa yule. Mimi niliidharau desturi hiyo siku punda wake alipokanyaga maharagwe yangu. Nikaziba njia kwa miiba, nikamwambia kama anazitaka zeituni zake aje akiruka kama ndege. Huu mwaka wa kumi na mmoja hatusalimiani.

Sasa niwaambie linaloniua kuliko haya mapafu. Habari za Yesu nilizisikia redioni, peke yangu ghalani, nikaamini, nikaficha miaka mitatu kwa kuwaogopa watu wa baraza. Mama yangu Wardiya alilala upande wa pili wa ukuta. Siku moja tunaokota zeituni akanikazia macho, akasema, "We Meziane, mbona siku hizi humtukani punda? Umeiba kitu, au umependa mtu?" Nikacheka. Nikamjibu, "Nimechoka tu, mama." Alikuwa amenifungulia mlango mwenyewe, nami nikaurudisha. Wiki ile ile baridi ikamwingia kifuani, tukamzika theluji inaanguka, hajasikia hata neno moja.

Nilimuuliza mchungaji Salem, yule aliyenibatiza, mama yuko wapi? Akasema Mungu ni wa haki, asiyesikia atahukumiwa kwa kile alichokijua. Huenda ni kweli. Jibu hilo linamtosha mtu ambaye mama yake aliishi ng'ambo ya bahari. Wangu nilimpelekea bakuli la mchuzi kila jioni. Sina ruhusa ya kumtupa motoni, wala sina haki ya kumweka peponi ili mimi nipate usingizi. Nimemwachia Mungu, na bado silali.

Lakini Jejiga yu hai. Mdogo wake mama, tumbo moja, na tangu nibatizwe hajasikia kwangu ila matusi. Ndiyo maana asubuhi nilimtuma Belaid akamwite. Naye amejibu, nami simlaumu, "Mwambie Meziane sijaota mabawa bado."

Basi nibebeni. Ng'oeni mlango wa ghala mnilaze juu yake. Usinitajie daktari, Ferudja. Miiba iondoeni leo, Jejiga aone kwa macho yake. Nitaanza na msamaha, maana nikianza na Yesu atanitemea mate, na atakuwa hajakosea.

Mungu awe nanyi... wewe Belaid na watoto wako, wewe Ferudja... awape ulimi mwepesi kuliko wangu. Msinyamaze kwa kuogopa watu. Ngojeni... nipumue.

Nikikata roho njiani, msirudi. Nilazeni mlangoni kwake, mwombeni radhi kwa ajili yangu, kisha mmoja wenu amwambie habari za Yesu. Akiwafukuza, kaeni nje... mwambieni mkiwa nje.

Shika huku, kichwani. Inueni.