Wasifu wa Pili wa Mwimbaji wa Masizi

Ndugu, jamaa na marafiki,

Karatasi hii mmeikuta imechomekwa ndani ya ratiba kwa sababu tulipopata akili, ratiba ilikuwa imeshachapwa. Ukurasa wa pili unasema marehemu “alipenda kuimba nyimbo za kwaya”. Si kweli. Hakuwahi kuimba kwaya hata siku moja. Alikuwa mwimbaji na mtunzi wa Masizi, bendi ya black metal, ule muziki wa magitaa ya umeme yanayokwaruza na mtu kupiga mayowe. Familia tuliona haya kuliandika hilo. Hata tai iliyo shingoni mwake pichani si yake, alivishwa na kompyuta ya mchapaji. Sasa tunaona haya zaidi, na baba ametaka mwanawe asizikwe kabla kazi yake haijatajwa. Mimi, dada yake mkubwa, ndiye niliyeandika ule wasifu wa kwanza, kwa hiyo nimepewa na huu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1986, mtoto wa pili na wa mwisho wa baba yetu, karani wa mahakama, na mama yetu, mpishi wa shule. Mama anasema alipozaliwa hakulia mpaka mkunga alipomfinya, na tangu hapo akawa anafidia.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, kisha mwaka 2000 akaingia sekondari ya kutwa. Huko ndiko alikokutana na wenzake wawili wa maisha: mpiga ngoma, ambaye leo ana bucha, na mpiga gitaa, kinyozi, tunayemwita Kimya kwa sababu mkishakaa naye saa nzima ndiyo mtasikia neno la kwanza. Walijipaka nyuso unga wa ngano na masizi ya chini ya sufuria. Mama alishangaa jinsi unga unavyoisha upesi, lakini sufuria zilikuwa zinang'aa, akawa anamsifu kwa majirani kwamba amejaliwa mtoto wa kiume anayesugua vyombo. Jina la bendi lilitoka humo.

Albamu yao ya kwanza waliirekodi mwaka 2009 kwenye stoo ya nyumbani, kwa maikrofoni moja iliyoning'inizwa msumarini. Siku hiyo baba alikuwa na wageni wa kazini sebuleni. Akaenda kuugonga mlango wa stoo kwa ngumi na kufoka, “Nyamazeni! Mnatuaibisha!” Sauti ikaingia yote. Kimya alitaka waifute. Marehemu akakataa: “Iache hivyo hivyo. Mzee ameingia kwenye mpigo kabisa!” Wakaiweka mwanzoni mwa wimbo wa kwanza. Hatukuambiwa, na hatukuuliza, maana hakuna hata mmoja wetu aliyeisikiliza albamu hiyo.

Alihitimu chuo cha ufundi mwaka 2007 na akafanya kazi ya kutengeneza majokofu mpaka alipougua. Mwaka 2012 chumba cha baridi cha bucha ya mwenzake kiliharibika. Marehemu akakagua, akagonga zile kuta nene zisizopitisha sauti, akacheka peke yake. Albamu ya pili ilirekodiwa humo. Kipuri kilipofika, mwenye bucha alikikalia mpaka wimbo wa mwisho ulipokamilika, na wateja wakaambiwa fundi anasumbua. Maneno aliyatunga kwa Kiswahili, akiyapanga upya mpaka yakae kooni; alisema “a” inabeba yowe, “i” inakaba. Kampuni moja ilitaka waimbe taratibu kidogo. Walikataa, wakaendelea kuwatumia mashabiki wa mbali kanda zao wenyewe kwa posta. Sisi tulidhani anaimba habari za mashetani. Mkewe ndiye aliyetueleza wiki hii kwamba wimbo tuliouogopa kuliko yote ulihusu barafu iliyoota ndani ya friji tupu la mjane mmoja, mteja wake.

Huyo mkewe ni mshonaji. Marehemu alimpelekea kitambaa cheusi ashonewe joho refu la jukwaani. Mshonaji akamuuliza, “Wewe ni padri au hakimu?” “Fundi friji.” “Haya, simama wima nikupime.” Walifunga ndoa tarehe 20 Septemba 2014 na wakajaliwa binti mmoja. Siku ya harusi tuliwaambia wakwe kwamba wale wenzake ni kikundi cha maigizo.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Waliompeleka hospitali kusafishwa damu, wakamsubiri na kumrudisha, ni mwenye bucha na Kimya, kwa zamu. Sisi watu wakituuliza tulisema ana wasaidizi. Sauti ilipokwisha aliendelea kutunga kwa kunong'ona, Kimya akimshikia simu mdomoni. Nesi akawakemea: “Hapa wagonjwa wanapumzika!” Akajibu, “Ndiyo maana nanong'ona, dada.” Alifariki Jumatano, tarehe 14 Mei, alfajiri, mkewe akiwa kando yake.

Juzi, mwanamke mmoja, shabiki wa Masizi aliyesafiri kutoka mbali, alifika msibani, akamwamkia baba na kumuuliza, “Samahani mzee, ni wewe mwenye ile sauti ya mlangoni?” Baba hakuelewa. Akamsikilizisha kwenye simu. Baba akajisikia akifoka, kisha akausikiliza wimbo mpaka mwisho, kwa mara ya kwanza. “Kwa hiyo huko wananijua kwa hili?” “Wanakupenda, mzee. Ukumbini wakipiga, lile ‘Nyamazeni!’ tunalisema wote kwa pamoja.” Baba alijifunika uso. Kisha akaniita: “Yeye aliniweka kwenye muziki wake. Mimi nimeshindwa kumweka kwenye karatasi. Andika upya.” Nikamwambia ratiba imeshachapwa. “Basi andika nyingine.”

Marehemu ameacha baba, mama, mke, binti, mimi dada yake, na ndugu zake wawili wa Masizi, ambao ratiba haikuwataja na ambao wamesimama kule nyuma karibu na lango. Tangu asubuhi wamevaa fulana ndani nje, kwa sababu jana mjomba aliwaomba hivyo kwa niaba yetu sote, ili wageni wasione jina la bendi. Walikubali bila kubisha, na hilo ndilo linalotuchoma zaidi.

Ndugu zetu wawili wa Masizi, baba amekataa jeneza linyanyuliwe bila ninyi. Zigeuzeni fulana zenu hapo hapo mlipo, mje mshike mbele, kulia na kushoto. Hatuna haraka, tunawangoja. Mwenzenu na mwenzetu alale kwa amani.